Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utalii: Gombe hakuendwi kwa gari

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole na majukumu ya kitaifa.

YAH: INJINI ZA BOTI ZA WATALII, ZIWA TANGANYIKA

Sisi ni mafundi wa injini na manahodha wa boti zinazobeba watalii kutoka Kibirizi, Kigoma, kwenda hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale. Tunaandika hadharani kwa sababu barua za kawaida tumeshaandika. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na kimya kikafuata. Kilichotumaliza uvumilivu ni semina ya majuzi hapa mjini kuhusu utalii rafiki wa mazingira. Tulialikwa kama wadau. Tukaonyeshwa picha za magari ya umeme yanayotembeza wageni mbugani, tukagawiwa miche, tukaambiwa tukaipande ili kufidia hewa ukaa. Mwenzetu aliponyoosha mkono kuuliza habari za boti, akajibiwa kwamba boti hazimo katika awamu hii.

Mheshimiwa, Gombe hakuna barabara. Tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliposhuka pale Julai 1960 mpaka leo, mgeni wa Gombe anafika kwa maji. Mahale nako, hata anayetua kwa ndege ndogo anamalizia kwa boti, na anayetoka Kigoma mjini anakwenda ziwani zaidi ya kilomita 120. Taifa limeahidi mbele ya dunia kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na kiasi ambacho kingefikiwa bila hatua zozote. Sisi tunataka kuitimiza ahadi hiyo. Tunaomba tu mtuhesabu.

Boti ya kawaida ya wageni hapa ni ya mbao, urefu wa mita 12 hivi, na injini ya nguvu farasi 40 (HP 40) ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Ikifunguliwa moto wote inakunywa lita 18 hadi 20 kwa saa. Kutoka Kibirizi hadi Kasekela, kituo cha wageni ndani ya Gombe, ni kilomita 20 na kitu, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita 55 hadi 60. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Safari moja ya siku ni kilo 130 hivi, na mara nyingi ndani ya boti kuna wageni wawili au watatu tu. Mti uliokomaa hukadiriwa kuvuta kilo zisizofika 25 kwa mwaka. Maana yake safari moja tu inahitaji zaidi ya miti mitano mikubwa ifanye kazi mwaka mzima, na miche tuliyogawiwa bado ina urefu wa kiganja, mbuzi wanaisubiri na kiangazi kinakuja.

Tatizo lenyewe liko ndani ya silinda. Katika injini ya mipigo miwili, tundu la kuingiza mchanganyiko na tundu la kutoa moshi huwa wazi kwa wakati mmoja. Mchanganyiko mbichi unaingia ukisukuma moshi nje, na sehemu yake inatoka na huo moshi kabla cheche haijapiga. Kwenye injini za kabureta, karibu robo ya petroli hupotea hivyo, na wakati mwingine zaidi. Inaishia majini. Njoo Kibirizi asubuhi ziwa likiwa shwari, utaona utando wa rangi rangi ukitanuka nyuma ya kila boti inayowashwa, na harufu yake inakupata mpaka huku juu kwenye mawe. Hiyo ni petroli iliyolipiwa kwa fedha taslimu na haikusukuma chochote. Injini ya mipigo minne yenye nguvu hiyo hiyo inaingiza na kutoa kwa zamu, haina upotevu huo. Kwa moto wote inatumia lita 13 hadi 15 kwa saa, na kwenye mwendo wa kati, ambako ndiko safari nyingi zingepaswa kufanyika, tofauti inakuwa kubwa zaidi.

Juu ya kasoro hiyo ya maumbile huja zetu za kila siku. Oili inatakiwa sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20, na iwe oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3. Kwa ugumu wa bei, wengi wanatia oili ya pikipiki au ya gari, tena kwa kukadiria kwa kopo, na wanazidisha kwa hofu ya injini kukwama. Oili ya gari ina madini yanayoacha majivu ikiungua. Plagi zinachafuka, ringi zinaganda kwenye mifereji yake, mgandamizo unashuka, na injini inadai moto zaidi kwa mwendo ule ule. Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa inamalizia kazi.

Pangaboi nalo. Injini nyingi zinafika na pangaboi la hatua ya inchi 13, yaani umbali ambao lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, linalofaa boti nyepesi ya faiba. Ukilifunga kwenye boti nzito ya mbao, injini haifiki idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo imeundwa kuifikia. Inabanwa, inatoa moshi, inachemka. Boti zetu zinataka inchi 10 au 11. Pangaboi ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tunavyovitaja hapa na kulibadilisha ni kazi ya nusu saa, lakini Kigoma hatua hizo hazipatikani dukani. Lazima uagize Dar es Salaam na usubiri.

Mwendo ndio jambo ambalo hata baadhi yetu hatulikubali kirahisi. Boti ya mbao isiyonyanyuka juu ya maji ina kikomo chake cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Kwa mita 12 ni kilomita 15 kwa saa, au juu kidogo ya hapo. Ukifika kikomo hicho boti inakuwa inapanda wimbi ililolitengeneza yenyewe, na moto wote unaoongeza unakwenda kulikuza wimbi. Shusha hadi kilomita 11 au 12, utaokoa theluthi moja ya mafuta ya safari au zaidi, na mgeni atachelewa kama nusu saa. Kwa nini basi nahodha hashushi? Kwa sababu mgeni wa safari ya siku moja anataka kuwawahi sokwe kabla hawajahama mbali na viota vyao, wakala wake amempangia muda finyu, na nahodha anayechelewa haitwi tena. Ratiba zikipangwa upya, boti zikaondoka alfajiri, mafuta yatapungua bila kununua chombo chochote kipya. Hilo linahitaji agizo lako kwa wanaopanga utalii. Fundi hawezi kuliamrisha.

Sasa umeme, kwa kuwa semina ilipenda umeme. Kwa Gombe inawezekana, na hesabu yake ni hii. Boti ile ile ikienda kilomita 10 au 11 kwa saa inahitaji kilowati 6 hadi 8 majini. Saa mbili ni uniti 14 hivi, kwenda na kurudi 28. Weka akiba ya upepo wa kusi, maana unavuma Mei hadi Septemba na msimu wa wageni uko humo humo. Betri iwe ya uniti 40. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma za ukubwa huo zina uzito wa kilo 350 hadi 400, mzigo ambao boti hizi zinaubeba kila siku kwa magunia. Kuchaji kwa kilowati 5 usiku kucha kunatosha. Hata ukihesabu uniti moja shilingi 400, kujaza ni shilingi 16,000. Lita 60 za petroli, hata ukiziweka shilingi 3,000 kila moja, ni shilingi 180,000. Na umeme wenyewe wa taifa letu sasa unategemea sana maji, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha 2024.

Mahale haiwezekani kwa betri za leo. Kilomita 120 ni mbali mno, na atakayewauzia wizara boti ya umeme ya Mahale mwogopeni. Kule dawa ni mipigo minne, mwendo wa kadiri, na wageni kupangwa pamoja badala ya kila kundi la watu wawili kukodi boti yake.

Makambini ni jenereta. Mashine ya kilowati 20 inaunguruma usiku kucha kwa ajili ya friza, taa na simu za wageni, yaani inabeba kama robo ya uwezo wake. Dizeli ikibebeshwa kidogo hivyo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, egzosi inatiririka uchafu mweusi wa majimaji, na uniti moja inakula nusu lita wakati ingeweza kula theluthi. Sola na betri kwa mzigo wa usiku, jenereta iwashwe saa mbili za mchana kwa pampu na kufua, basi.

Hotelini, viyoyozi. Gesi ya R-410A ikiachiwa hewani, kilo moja inapasha dunia joto sawa na tani mbili za hewa ukaa. Mafundi wanaifungulia nje kwa sababu hawana mashine ya kuinyonya na mtungi wa kuihifadhi. Seti moja ya kuazimana, ikae chuo cha ufundi cha VETA Kigoma, ingetosha mji mzima.

Tunajua sehemu kubwa ya hewa ukaa ya mgeni ni ndege iliyomleta. Hilo liko nje ya uwezo wetu, ingawa mkataba wa reli ya umeme ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa 2022, na siku treni hiyo itakapofika mgeni atakuwa na njia nyingine. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani 1913, ikipewa ratiba ya kuaminika, itabeba kwa mkupuo mmoja wageni wa boti nyingi za Mahale.

Na tusiulizwe kwa nini mafundi wa boti wanahangaika na tabianchi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Chakula cha samaki kinatoka chini, kinapandishwa na upepo wa kusi unaochanganya maji. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama kifuniko, na kilicho chini hakipandi. Wataalamu wameliandika jambo hili tangu 2003. Dagaa na migebuka wanapungua, na familia zetu zinakula kutokana na ziwa kabla hazijala kutokana na utalii. Miaka ya karibuni maji yamepanda yakameza nyumba na maegesho ya mwambao, na hakuna aliyetufidia.

Tumesikia tukiambiwa watu wa ziwani hawapendi mabadiliko. Wavuvi wa dagaa waliacha karabai za mafuta ya taa wakaingia kwenye taa za betri na sola. Hakuna aliyewafanyia semina. Taa zilipatikana, bei ikafikika, wakabadilisha. Nahodha wa Kibirizi anajua kwamba injini ya mipigo minne ingemrudishia fedha yake kwa mafuta atakayookoa. Hana ya kuanzia. Benki inataka hati ya nyumba, na boti haikubaliki kama dhamana. Faida ya msimu inaishia kwenye petroli, plagi na ada, kisha masika yanaingia, wageni hakuna, na ile injini mbovu inabaki kuwa ndiyo pekee aliyonayo. Anaendelea kumwaga robo ya petroli ziwani huku akihubiriwa mazingira. Mheshimiwa, hili linauma.

Wavuvi wamepewa boti za mkopo wa masharti nafuu, na tuliwapongeza. Kwetu iliahidiwa kwamba "na ninyi mtafikiwa". Tunakumbusha ahadi hiyo kwa heshima, na tunaomba itimizwe.

Tunaomba mkopo wa injini. Usiwe wa fedha mkononi. Injini yenyewe ikabidhiwe, nahodha alipe kwa awamu miezi ya Juni hadi Oktoba na apumzike masika. Sharti liwe moja lisilo na msamaha: injini ya zamani isalimishwe na bloku yake itobolewe mbele ya mashahidi. Isipotobolewa itauzwa ng'ambo, Kalemie ya Kongo au Rumonge ya Burundi, na moshi utakuwa umehamia upande wa pili wa maji yale yale. Vipuri viingie pamoja na injini: impela, plagi, filta, pangaboi za inchi 10 na 11. Vijana wa VETA wafundishwe kuzifungua, kwa sababu injini ya mipigo minne ina vali na mkanda wa majira, haivumilii fundi wa kubahatisha, na ikifa mwaka wa kwanza watu watarudi kwenye mipigo miwili wasitoke tena. Boti moja ya umeme ya majaribio kati ya Kibirizi na Kasekela itafaa, ikija. Ikichelewa, isitumike kuchelewesha injini.

Kama bajeti ni ndogo, ondoeni yote mengine tuliyoyaandika na mtuachie hili la mkopo wa injini. Kama haiwezekani kwa boti zote, anzeni na zile za Gombe. Tunaomba tujibiwe kwa maandishi kabla ya Juni, injini zikiwa zimefungwa kabla msimu haujafunguka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa injini na manahodha wa boti za wageni,
Kibirizi, Kigoma.