Barabara ipi, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyekisifu Kiswahili kwamba husomwa kama kinavyoandikwa, na kwamba mtoto akishazijua silabi hana tena la kuhangaikia. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ila mimi nimekula mshahara wa kusoma taarifa ya habari redioni mpaka nikastaafu, na anayesoma kwa sauti hujikwaa mahali ambapo anayesoma kimyakimya hupita tu.

Mpe mtu sentensi hii aisome papo hapo: "Mkandarasi ameagizwa kuijenga barabara barabara." Neno la kwanza linafuata kanuni tuliyofundishwa sote, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-ra-BA-ra, njia ya magari. La pili linaivunja: ba-RA-ba-ra, yaani sawasawa, inavyotakiwa. Herufi nane zilezile. Hapo angalau mpangilio wa maneno unakuokoa. Sasa chukua kichwa cha habari kama "Wahandisi wasimamia barabara". Wanasimamia njia, au wanasimamia vizuri? Karatasi ya namna hiyo ikiletwa wakati taa nyekundu ya studio inakaribia kuwaka, tulikuwa tunachomoa penseli na kuweka kijistari juu ya irabu yenye mkazo: barábara. Kazi imekwisha, unasoma bila kusita. Mhariri mmoja wa zamu alizoea kuliachanisha, "bara bara", akiamini anatusaidia. Zikawa bara mbili.

Neno "walakini" ndilo linaloumbua zaidi. Ukiuweka mkazo kwenye KI ni kiunganishi, ndugu yake lakini. Ukiurudisha kwenye LA, wa-LA-ki-ni, ni nomino: kasoro, dosari. Jaribu kusoma "Hati hii ina walakini" kwa mkazo wa kiunganishi, kisha nyamaza. Msikilizaji atabaki amekodoa masikio, akingojea sentensi iendelee.

Tena si mkazo peke yake. Mbuni yule ndege hutamkwa kwa silabi mbili, mbu-ni. Mbuni anayebuni mitindo, sawa na mbuni unaozaa buni za kahawa, ana tatu: m-bu-ni, ile m imesimama peke yake. Kwa wingi wanaachana wenyewe: mbuni, wabuni, mibuni. Katika umoja karatasi haikwambii kitu.

Na wenyeji wa pwani wana tofauti nyingine ambayo maandishi yetu ya kawaida hayaijali. Paa wa porini hutamkwa kwa pumzi inayofuata p; paa la nyumba halina pumzi hiyo. Kaa wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina. Hili sitaki tuliandikie alama, maana wengi wetu tuliojifunza Kiswahili mbali na bahari hatuitoi pumzi hiyo wala hatuisikii, na upatanisho wa ngeli hutosha kutenganisha mnyama na kitu.

Najua jibu litakalokuja: muktadha utaeleza. Kwa mtu mwenye macho na nafasi ya kurudi nyuma mstari mmoja, sawa. Nina rafiki asiyeona ambaye hulisikiliza gazeti hili kwa programu ya simu inayosoma kwa sauti. Programu hiyo inajua barabara moja tu, ile ya magari. Akisomewa kwamba mgonjwa "ametibiwa barabara", anacheka, halafu anakereka.

Ninachopendekeza ni kidogo. Alama iwekwe pale tu neno linaposomeka kwa namna mbili, na iwekwe kwenye lile linalokiuka kanuni: barábara, walákini. Mengine yaachwe yalivyo. Waandishi wa Kiarabu hufanya hivyohivyo. Maandishi yao ya kila siku hayana harakati, zile alama za irabu, lakini neno likileta utata huongeza ile moja inayohitajika. Sisi wenyewe tulikwisha kubali ritifaa kwenye ng'oa ili tusiichanganye na ngoa, ule wivu wa kulia ngoa, japo siku hizi hata hiyo vijana wanaiacha wakiandika kwa simu. Na wasisingizie simu: ukibonyeza herufi a bila kuiachia, kwenye simu nyingi á inajitokeza yenyewe.

Dawati lenu la usanifu lianze na vichwa vya habari, ambako maneno ni machache na muktadha haupo. Msomaji akiuliza hicho kijistari ni cha nini, mwelezeni kwa mstari mmoja chini ya ukurasa.

Wenu,
Mtangazaji mstaafu