BARUA KWA WAZAZI NA WALEZI: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KAZI YA LIKIZO YA JUNI

Ndugu mzazi/mlezi,

Nakusalimu, na ninakushukuru kwa kutufikisha salama mwisho wa muhula. Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha hii. Isome pamoja naye, uisaini, airudishe siku ya kufungua shule. Mliochangia mahindi na maharage ya chakula cha mchana, ahsanteni sana. Hesabu yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Watoto wa Darasa la Nne na la Saba wana mitihani ya taifa mbele yao, basi daftari zisikae juu ya kabati mwezi mzima. Kilichonifanya niandike barua ndefu ni jambo jingine.

Mwezi Januari tulianza na mipira miwili ya ngozi. Mmoja uliingia kwenye mkonge ulio nyuma ya uwanja, mwiba ukautoboa. Wa pili ulichanika mshono, ukazibwa, ukachanika tena. Ilipofika Machi, kipindi cha michezo kilikuwa cha kukimbia tu na kurudi.

Ndipo mvulana mmoja wa Darasa la Nne akaja na mpira ndani ya mkoba wake. Niliomba niushike. Ndani kulikuwa na kipande cha sponji la godoro kuukuu, juu yake matambara yaliyozungushwa na kukazwa, kisha soksi mbili moja juu ya nyingine. Gamba la nje lilikuwa la mapindo ya kanga, yameungwa kwa mkono, mshono wa karibu karibu hata ncha ya kalamu haipiti. Upande mmoja lilibaki neno moja la jina la kanga: SUBIRA. Nilipomuuliza nani kaushona, alisema, "Bibi haoni tundu la sindano, mimi namtungia uzi, yeye anashona. Na hapa nimeshona mwenyewe." Akaniwekea kidole pale mshono unapoyumba. Mpira ule umechezwa mpaka wiki hii. Kwa siku zile zote sikumwona mtoto huyo akikaa pembeni ya uwanja kama alivyozoea.

Kwa hiyo ninaomba kila nyumba, likizo hii, ishone na mtoto kifaa kimoja cha michezo kwa mabaki yaliyopo. Tafadhali usinunue. Mpira uliopinda ulioshonwa na mtoto pamoja na baba yake nitaupokea kwa furaha kuliko wa dukani. Nimesema baba kwa makusudi: mafundi cherehani wengi mjini ni wanaume, sioni kwa nini sindano nyumbani iwe ya mama na binti peke yao.

Sisi tuliokua zamani tulifunga mipira kwa mifuko ya rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na ilikuwa haki, maana mitaro yetu ilikuwa imeziba. Nguo ndiyo tuliyobaki nayo, na ina jambo moja la kuangalia: mpira wa matambara ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe na unaumiza vidole vya miguu. Mpira rasmi wa watu wazima una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Wa kwenu uwe mdogo kuliko huo, na ujazeni sponji zaidi kuliko matambara. Wa rede, ule mchezo wa kurushiana mpira na kukwepa, utoshe kiganjani, kama chungwa.

Wasichana wa netiboli wanahitaji vizibao vyenye herufi za nafasi saba: GS, GA, WA, C, WD, GD na GK. Kitenge cha zamani au shuka kinatosha. Pembeni msishone, wekeni kamba za kufunga, ili kizibao kimoja kimfae wa Darasa la Tatu na wa Darasa la Saba. Herufi pigeni bandi kwanza, mtoto aitazame kwa mbali kabla ya kuishona moja kwa moja.

Kamba ya kuruka ni vipande vitatu vya nguo vilivyosukwa kama nywele. Mtoto akanyage katikati yake. Ncha zikifika makwapani, imemtosha.

Darasa la Kwanza na la Pili tunawaombea vifuko vya kurusha na kudaka. Hapa nilikosea mimi mwenyewe: mwaka jana niliagiza vijazwe mahindi, tukaviweka stoo, panya wakavila vyote pamoja na nguo. Safari hii jazeni mbegu za ukwaju zilizokaushwa juani, na mshone mdomo mara mbili.

Mtakaoshona gunia la mbio za magunia, gunia linashonwa kwa shazia, ile sindano kubwa nene. Kama hunayo, jirani anayeshona mikeka hakosi. Sindano zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, hasa kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa. Mtoto asukume sindano kwa subana, au hata kwa kipande cha ngozi ya kiatu.

Babu au bibi akiwapo, mkalisheni mtoto karibu naye. Kipo anachokijua ambacho sisi walimu hatuna.

Vifaa vitapokelewa na mwalimu wa michezo Jumatatu ya kwanza baada ya kufungua, chini ya mwembe, saa mbili asubuhi. Kila kimoja kiandikwe majina ya wote walioshona, kwa kalamu ya wino usiofutika. Wenye cherehani mnaotupa mabaki ya vitambaa, leteni hata nusu kiroba. Benchi lililo nje ya ofisi yangu litakuwa wazi likizo nzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu