Malalamiko kuhusu ziara ya Spiez: mlituuzia mizabibu, mkatupeleka dukani

Dodoma,
14 Oktoba 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Safari za Nje,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA ZA ZIARA YA KASRI LA SPIEZ, USWISI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na baba yangu tulikuwa kwenye kundi lenu lililokwenda Uswisi mwezi Septemba. Kuhusu ndege, hoteli na chakula sina neno. Ninaandika kwa ajili ya siku moja tu, ile mliyoiuza kando ya safari nzima kwa malipo ya ziada ya Shilingi 420,000 kwa kila mtu, na kwenye kipeperushi chenu mkaiita "Siku ya Kasri, Bustani na Mizabibu". Risiti zote mbili na nakala ya kipeperushi nimeziambatisha.

Baba ni mkulima wa zabibu Hombolo, hapa Dodoma, na mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Hakuwa na haja ya milima wala chokoleti. Alikubali kupanda ndege, kwa umri wake na magoti yake, kwa sababu ofisa wenu alimwonyesha picha ya kasri lililo juu ya ghuba ya Ziwa Thun, na mgongoni mwake kilima chenye safu za mizabibu, akamwambia: "Hapa, mzee wangu, utatembea katikati ya shamba, utaongea na wakulima wenyewe na utaonja mvinyo wao." Baada ya hapo sikuwa na kazi ya kumbembeleza. Wiki nzima alikuwa anaandika maswali kwenye daftari.

Yalikuwa maswali ya mtu anayejua kazi yake. Sisi Dodoma tunapogolea mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Spiez wanavuna mara moja tu, majira ya vuli, kisha mzabibu unalala kwenye baridi ambayo huku kwetu ingeua kila kitu. Alitaka kujua wanaupogolea lini na wanaacha macho mangapi, yaani sehemu za kuchipukia, kwenye tawi. Alitaka kuona jinsi ziwa lile, lenye kina cha zaidi ya mita 200, linavyotunza joto la kiangazi hadi zabibu zikaiva mahali ambapo ukiinua macho unaona theluji. Zaidi ya yote alitaka kuzungumza na watu wa ushirika. Kilimo cha zabibu cha Spiez kiliwahi kufa, kikafufuliwa miaka ya 1920, na leo shamba na mvinyo ni mali ya ushirika. Sisi huku tunauza zabibu kwa kilo, na bei anapanga mnunuzi. Mtaelewa kwa nini mzee wa AMCOS angevuka bahari kwenda kuuliza wenzake walifanyaje.

Sasa niseme kilichotokea. Kipeperushi kinasema tungetoka Bern kwa treni hadi Thun, tukapanda Blümlisalp, meli ya mvuke ya mwaka 1906 yenye magurudumu ubavuni, tukashukia Spiez asubuhi. Badala yake lilikuja basi, na maelezo tuliyopewa ni kwamba "ratiba imeboreshwa". Blümlisalp tuliiona dirishani, ikipita zake ziwani. Kisha basi likaipita Spiez, likaenda mbele hadi kwenye duka kubwa la saa na chokoleti, na hapo tukakaa mpaka mchana ukapita. Duka hilo halimo kwenye kipeperushi. Sina ushahidi kwamba kuna mtu alipewa chochote pale, kwa hiyo sitasema. Ila mwenye duka alimsalimia mwongozaji wenu kwa jina.

Tulipofika kasrini tuliambiwa tuna dakika arobaini. Kasri lenyewe halina kosa lolote, na ninaomba hilo lieleweke. Limetunzwa vizuri sana. Lilikuwa mikononi mwa ukoo wa von Bubenberg tangu 1338, na Adrian von Bubenberg ndiye aliyeongoza ulinzi wa mji wa Murten mwaka 1476 dhidi ya Charles wa Burgundy. Baadaye likawa la ukoo wa von Erlach hadi 1875. Lina ukumbi wa sherehe wa mwaka 1614 wenye dari la nakshi za lipu, na jirani yake kuna kanisa la kale la mawe lenye umri wa takriban miaka elfu moja. Haya yote nimeyajua kwa kusoma vibao ukutani huku tukiharakishwa, kwa sababu mwongozaji wenu hakutaja hata moja.

Yeye alitusimulia habari za mfungwa aliyefungwa minyororo kwenye nguzo kwa miaka, na mshairi wa Kiingereza aliyekuja kuchonga jina lake kwenye nguzo hiyo. Kundi zima likaguswa. Baba akamuuliza, "Mwanangu, hiyo nguzo iko chumba gani tuione?" Akajibiwa, "Ilishaondolewa, mzee, kwa usalama." Nilipomuuliza mama mmoja mhudumu wa makumbusho, alicheka kwa adabu. Mfungwa huyo ni François Bonivard na mshairi ni Byron, na habari zao ni za kasri la Chillon, kwenye Ziwa Geneva, ziwa jingine kabisa katika jimbo jingine. Nguzo ingali huko na haijaondolewa na mtu yeyote. Ndugu Meneja, kutojua si dhambi, lakini mlitutoza fedha za "mwongozaji mbobezi anayezungumza Kiswahili". Kiswahili alikuwa nacho.

Bustani tuliziona kwa kuzipita. Waridi, ngazi za mawe, ziwa chini, picha mbili tatu, basi.

Shamba la mizabibu hatukulikanyaga. Mwongozaji alisema limefungwa kwa sababu mavuno yamekaribia. Wakati anasema hivyo tulikuwa tumesimama mahali ambapo tunawaona watu wakitembea kwenye njia iliyo katikati ya safu, wengine na mbwa, wengine wakisukuma vigari vya watoto. Baba aliomba apewe robo saa tu aende hadi safu ya kwanza arudi. Akaambiwa dereva ana saa zake. Mkulima wa ushirika hakuonekana, na tulipouliza tukagundua hakuna aliyekuwa ameombwa kuonana nasi. Kuonja mvinyo kulifanyika ndani ya basi, kwa vikombe vya plastiki, kutoka kwenye chupa iliyonunuliwa dukani. Baba aliomba kuiona chupa, akasoma karatasi yake, akairudisha bila kuonja. Mvinyo haukuwa wa Spiez. Haukuwa hata wa Uswisi.

Niliwaandikia WhatsApp jioni ileile. Mlinijibu kwamba ratiba ilibadilika kutokana na hali ya hewa. Picha nilizoambatisha zina tarehe na saa, na hakuna hata moja yenye wingu la kutisha. Tuliporudi nyumbani mkanipa ofa ya punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Baba hana safari ijayo. Hii ndiyo ilikuwa safari yake, na fedha zake zilitokana na msimu mzima wa zabibu. Punguzo la kitu ambacho mtu hatakinunua si fidia.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Mturejeshee Shilingi 840,000, yaani malipo yote ya ziara hiyo kwa watu wawili, kwa njia ileile tuliyolipia. Mniandikie barua yenye sahihi, si ujumbe wa simu, mkieleza nani aliamua kuondoa meli, shamba na mkutano na wakulima, na kama uamuzi huo ulifanyika kabla au baada ya kupokea fedha zetu. Na mkiondoe kipeperushi hicho, au mkirekebishe kionyeshe mnachokitoa kweli, kwa sababu jirani yetu hapa Hombolo ameshaanza kuulizia safari ya mwakani.

Nawapa siku 14 tangu tarehe ya kupokea barua hii. Nisipopata jibu nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kipeperushi chenu kitakuwa kielelezo changu cha kwanza. Tafadhali msimpigie baba simu kuhusu suala hili kama mlivyofanya wiki iliyopita. Mawasiliano yote yapitie kwangu.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wenu,
(Sahihi)
Kwa niaba yangu na ya baba yangu