Siri ya kazi ya Usalama imekuwa maficho ya matapeli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nauza vitenge soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mwanangu wa pili alimaliza shahada ya uhusiano wa kimataifa mwaka 2022, na tangu sekondari hataki kazi nyingine ila ujasusi wa nje: kuishi ugenini, kuzijua lugha za watu, kuiletea serikali habari mapema kabla hazijawa balaa. Kifaransa amejifunza mwenyewe kwa redio.

Mwaka jana alikuja kijana nadhifu, akajitambulisha kuwa ni mtu wa kitengo, yaani Usalama wa Taifa. Alimhoji mwanangu sebuleni kwangu saa mbili nzima. Babu mzaa mama alitoka wapi? Ana madeni? Anakunywa pombe? Yote akayaandika kwenye daftari. Kisha akataka laki nane za upekuzi, yaani kuchunguza historia ya mwombaji, akatuonya asijue hata baba mdogo. Nilikopa kwenye kikoba. Baadaye akadai laki nne za vipimo vya afya, nikatuma. Simu ikazimwa.

Kilichoniuma kuliko pesa ni kwamba tulikaa kimya miezi mitano, tukiamini huko kunyamaza ndio mtihani wenyewe. Kazi hii kweli ina siri, na tapeli hujificha humo humo. Hata CIA, shirika la ujasusi la Marekani, humwonya mwombaji asitangaze kwamba ameomba. Lakini mlango wa kuingilia unajulikana: maombi hutumwa kwenye tovuti yao, na sharti la uraia wa Marekani limeandikwa hapo hapo. Waingereza nao kwa miaka mingi hawakukiri hata kwamba MI6, idara yao ya ujasusi wa nje, ipo. Wakaja kuitambua kwa sheria mwaka 1994, na mwaka 2006 ikatangaza nafasi za kazi gazetini. Sijasikia kwamba tangazo lile liliwaharibia kazi.

Sisi tuna Sheria ya Usalama wa Taifa tangu mwaka 1996. Naiomba Idara ipite kwenye redio, hasa hizi za mikoani tunazozisikiliza sokoni, itueleze wazazi kijana aanzie wapi, gharama ya upekuzi ni ya nani, na mtu akibisha hodi kudai pesa tumpigie nani.

Mwanangu bado anafungulia taarifa ya habari ya Kifaransa kila alfajiri. Juzi aliniuliza, "Mama, sasa barua niipeleke wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Mama mzazi,
Mwanjelwa, Mbeya