Usilitupe lile daftari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, na nilipofika pale unapoeleza kuwa mpelelezi wa 3 sasa amekujibu kwamba jalada la mauaji ya dada yako "bado linafanyiwa kazi", niliiweka mezani nikashindwa kuendelea. Miaka 9 ya jibu hilohilo inachosha, wala sitakuambia ujikaze.

Umesema unataka kulichoma lile daftari. Nakusihi usifanye hivyo. Humo umeandika tarehe ya kila safari ya kituoni, jina la kila askari aliyekupokea, na maneno ya yule shahidi aliyekujia wewe kwa kuwa aliwaogopa polisi, na huenda siku moja ikawa ndiyo kumbukumbu pekee iliyosalia. Medgar Evers, mtetezi wa haki za watu weusi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake huko Mississippi, Marekani, mwezi Juni 1963, na mshtakiwa akafikishwa mahakamani mara mbili mwaka uliofuata bila majopo ya raia wanaoamua hatia kuafikiana. Kesi ilipofufuliwa, nakala rasmi ya mwenendo wa shauri ilikuwa haionekani. Iliyopatikana ni ile aliyoitunza mjane wake, Myrlie, na muuaji akatiwa hatiani Februari 1994.

Jambo lingine ni nguo alizovaa dada yako siku ile. Uliza kwa maandishi zimehifadhiwa wapi na kwa namna gani, kwa sababu nguo yenye damu ikifungwa mbichi kwenye nailoni huvunda na kuharibu chembe za DNA, ilhali ikikaushwa na kutiwa katika mfuko wa karatasi hudumu miaka mingi. Stephen Lawrence, kijana mweusi, aliuawa London mwaka 1993. Sehemu ya ushahidi uliowatia hatiani wanaume wawili mwaka 2012 ilikuwa doa la damu lisilozidi nusu milimita kwenye ukosi wa koti la mmoja wao.

Mimi huniuma zaidi watu wanapomtaja dada yako kama "yule aliyeuawa", kana kwamba hakuwahi kuishi. Kitabu alichoniazima ninacho bado, na pembeni ya kila ukurasa asiokubaliana nao kuna alama yake ya kuuliza, ya penseli, imekandamizwa hadi karatasi inakaribia kutoboka.

Tarehe ya kuuawa kwake ikifika nitakuja, twende pamoja kituoni na barua ya kuulizia vielelezo, nawe uje na daftari. Kitabu nitakuletea, ukae nacho wewe.

Wako daima.