Msimu huu kila mtoto acheze kwa jina lake

Kwa wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na mashabiki wote wa shule yetu ya kata, hapa Tabora.

Wakubwa zangu mliobaki, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za tangu mvua zianze? Na ninyi vijana, marahaba. Juzi niliwaona mkipita mmebeba mpira mpya kwenye wavu wake, mnapokezana kuushika, nikajua msimu umefika.

Karibuni kwenye msimu. Wanetu wataanza na mechi za shule kwa shule, waende ngazi ya kata, kisha wilaya, na watakaobahatika wataitwa kwenye timu ya mkoa itakayoshiriki UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya taifa. Sisi wa Tabora hatuhitaji kuelezwa michezo hiyo ni nini. Miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, tulikuwa wenyeji wake. Mnakumbuka mabasi yalivyokuwa yakishusha watoto wa mikoa yote na magodoro yao, na vile mji ulivyochangamka. Mwaka 2025 zamu ikaenda Iringa. Wageni walipoondoka walituachia watoto wanaoamini kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuingia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na watu wakasimama kumshangilia. Mimi imani hiyo naithamini kuliko makombe yote.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita walinijia kibarazani wanaume watatu wa kamati ya timu. Ni watu wazuri, tunazikana. Wakaniambia: "Mzee, tumechoka kutolewa ngazi ya kata kila mwaka. Kuna kijana anacheza ndondo, zile mechi za mitaani, mguu wake wa kushoto ni balaa. Tukimpa jezi na jina la mtoto mmoja wa kidato cha tatu, nani atajua?" Wakaniomba nizungumze na mwalimu wa michezo, kwa kuwa nilimfundisha mimi na hawezi kunikatalia. Niliwaambia nitawajibu kwa maandishi, na kwamba jibu nitalitoa mbele ya watu wote.

Jibu langu ni hapana. Sababu yake sijawahi kuisimulia hadharani, na leo nitaisimulia.

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya mkoa huu. Nilikuwa bado kijana, nina filimbi shingoni na njaa ya kombe. Tulifika fainali ya wilaya. Winga wetu wa kulia alikuwa mtoto wa kidato cha tatu, mwembamba, ana mbio, lakini mabeki wakubwa walikuwa wanamsukuma anaanguka. Watu wakaniletea mwanamume mmoja mpakia mizigo wa stesheni, umri wake si chini ya miaka 24, kifua kama mlango. Nilichukua karatasi ya usajili, nikabandua picha ya mtoto, nikabandika ya mpakia mizigo. Gundi ya ofisini ilikuwa imekwisha, nikatumia ugali.

Kisha nikamwita mtoto stoo. Nikamwambia siku ya fainali asionekane uwanjani, kwa sababu jina lake litakuwa linacheza. Hakubisha. Alivua jezi namba 7 aliyokuwa amevaa mazoezini, akaikunja polepole, mikono kwanza, halafu kifua, akailaza mezani na kuipapasa ikanyooka. Akauliza, "Na viatu, mwalimu?" Viatu vilikuwa vya shule. Nikamwambia aviache. Akatoka peku.

Tulishinda 2–1. Bao la pili alifunga yule mpakia mizigo, na uwanja mzima ukaimba jina la mtoto niliyemkataza kuja. Kombe likawekwa ofisini kwa mkuu wa shule, kwenye kabati la vioo. Mtoto hakurudi tena mazoezini, wala mimi sikumfuata. Alimaliza kidato cha nne, tukapoteana.

Mwaka juzi tulikutana msibani, kata ya Ng'ambo hapa mjini. Mtu mzima sasa, ana mvi kidevuni. Tulikaa mkeka mmoja, tukala sahani moja, na nilipoona watu wamepungua nikamwomba radhi. Alikaa kimya, anakusanya punje za wali kwa kidole. Ndipo akaniambia: "Mwalimu, jioni ile watu walipita nyumbani kumpongeza mama. Walimwambia mwanao ametufungia. Mama akachinja jogoo. Nilimla yule jogoo, mwalimu. Mpaka mama anafariki sikumwambia."

Alinisamehe, na najua alisema kweli. Lakini ninyi mnaokuja kibarazani kwangu na habari za mguu wa kushoto, nataka mjue kwamba mimi namwona yule jogoo. Mnaponiambia "jina la mtoto mmoja wa kidato cha tatu" mnasema kama jina ni koti la kuazima. Huyo mtoto mnayetaka jina lake ana mama. Atasikia mwanawe ametajwa uwanjani. Atafurahi. Na mwanawe atakaa mezani akiwa na uongo tuliomtwisha sisi wazee.

Msiniambie kila shule inafanya. Najua baadhi zinafanya, nilikuwa mmoja wao. Mnajua pia kwamba mamluki akibainika timu yote huondolewa, wakiwemo watoto waliosajiliwa kihalali na kufanya mazoezi tangu mwezi wa kwanza. Lakini hata kama hakuna atakayegundua, jibu langu ni lile lile. Sisi tunawapeleka watoto shule wafundishwe kwamba mtihani wa mwenzako huufanyi. Tukifika uwanjani tunawafundisha kinyume chake, tena kwa shangwe.

Na yule kijana wa ndondo naye simchukii. Kama ana kipaji, nyie wa kamati mpelekeni kwenye timu ya mtaa, acheze ligi kwa jina alilopewa na baba yake. Mkimficha ndani ya jina la mtu mwingine, hata akifunga mabao kumi hakuna kocha atakayemjua.

Naomba mniruhusu niwakumbushe vijana jambo ambalo pengine hawajui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ya shule ilisimamishwa nchi nzima. Nilifungia mipira stoo. Nyavu zikaliwa na panya, na waliokuwa kidato cha kwanza wakati huo wengi walimaliza shule bila kuvaa jezi hata siku moja. Niliwafundisha, nawajua. Kulikuwa na kipa mmoja, mikono yake kama sumaku, aliyekuwa akija kila Ijumaa kuniuliza, "Mwalimu, bado?" Nikawa namjibu bado. Michezo ilipokuja kurudishwa yeye alikuwa ameshaoa. Ndiyo maana nikisikia mtu mzima anataka kumnyang'anya mtoto nafasi kwa hiari yake, bila tangazo wala amri ya mtu, naumia.

Uwanja wetu mnaufahamu. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia 2004, chini ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, nyingi zilipewa eneo la madarasa tu na uwanja ukawa wa kubahatisha. Sisi tulibahatika kuwa na uwanja, ila mwishoni mwa 2021, vilipojengwa vile vyumba 12,000 vya sekondari nchini kwa fedha za UVIKO-19, viwili vikaja kwetu na kukaa pale palipokuwa na kibendera cha kona. Silalamiki. Watoto walikuwa wanakaa sabini darasa moja, na huwezi kuweka kona mbele ya dawati. Ila sasa goli la upande wa mashariki limesogezwa ndani, uwanja ni mfupi, na mpira ukipigwa kwa nguvu unagonga dirisha. Mwaka jana vioo vinne vilivunjika. Mwalimu wa michezo alivilipa kutoka mfukoni mwake, akanyamaza. Nimeyajua kwa fundi. Wazazi, hiyo si haki. Tuchange vioo kabla havijavunjika.

Kwa wasichana nitasema kwa uwazi zaidi. Timu yao ipo, lakini inapewa uwanja saa 12 jioni wakati mpira hauonekani tena, baada ya wavulana kumaliza. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walikwenda Durban wakachukua ubingwa wa shule za Afrika, wakarudi na zawadi ya dola 300,000 kwa ajili ya shule. Wale ni watoto kama wa kwetu. Wana mama wanaowauliza nani atateka maji. Mwaka huu naomba Jumanne na Alhamisi uwanja uwe wao kuanzia saa 10 alasiri, wavulana wasubiri. Na baba ambaye binti yake anacheza, njoo umwone. Nimeona akina baba wakipita na baiskeli barabarani, wanapunguza mwendo, wanatazama kwa jicho la pembeni, halafu wanaongeza mwendo. Simama, baba. Shuka kwenye baiskeli.

Waamuzi wetu ni vijana, wengine ni walimu wa shule jirani ambao nauli yao haitoshi hata soda. Akipuliza filimbi usiyoipenda, kaa kimya. Mwaka juzi nilimsikia mzazi akimtukania refa mama yake mbele ya watoto wa kidato cha kwanza, na wiki iliyofuata mtoto wa yule mzazi alimtukana mwalimu wa hesabu kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Viboko kwa sababu ya kufungwa mechi pia sitaki kuvisikia. Na wale wa "kamati ya ufundi", mnajijua. Msiwapake watoto dawa, msiwaambie wapite golini kinyumenyume, msifukie vitu kwenye duara la kati. Mtoto akiingia uwanjani anaogopa kukanyaga mahali, atachezaje?

Chakula ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani. Mtoto anatoka nyumbani saa 11 alfajiri na chai ya rangi, anatembea, anasoma, saa 10 anaingia uwanjani. Dakika ya 60 miguu inakataa, na ninyi mnasema hana pumzi. Hana makande. Mchango wa chakula cha mchana ulipwe mapema. Ramadhani ikiangukia wakati wa mazoezi, kama ilivyokuwa miaka hii ya karibuni, mwalimu awape wanaofunga mazoezi mepesi karibu na magharibi, na wasiofunga wasiwacheke. Maji yawepo kwenye ndoo yenye mfuniko, na kikombe kisiwe kimoja kwa timu nzima.

Kwa mwalimu wa michezo, mwanangu: wakija kwako kusema mzee ameruhusu, waonyeshe barua hii. Karatasi za usajili zijaze mwenyewe mbele ya watoto, kila mmoja ashike picha yake na kuibandika kwa mkono wake. Na yule mwembamba anayeanguka anguka, mchezeshe. Mfundishe kupokea mpira kabla beki hajafika. Mimi sikumfundisha wangu.

Jumamosi hii tunasafisha uwanja kuanzia saa 1 asubuhi. Nyasi zimefika magotini upande wa mwembe mkubwa na kuna shimo la kuziba karibu na goli la magharibi. Mwenye fyekeo aje na fyekeo, mwenye jembe aje na jembe. Akina mama wa genge wameshaniahidi majivu, nami nimetoboa kopo la rangi matundu kwa ajili ya kuchora mistari. Nitahitaji mtoto mmoja wa kunishikia kamba, maana mgongo wangu haukubali kuinama muda mrefu. Mwenye mahindi ya kuchoma asisahau mkaa.

Mwalimu wenu mstaafu,
Tabora.