Barua ya malalamiko: gramafoni ililetwa ikiyumba, imerudi ikiyumba zaidi

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.

Meneja,
Kitengo cha Matengenezo,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MATENGENEZO MABOVU YA GRAMAFONI NA MADAI YA KURUDISHIWA FEDHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilileta dukani kwenu gramafoni ya kutia ufunguo, HMV modeli ya 102, ile ya sanduku la kubeba mkononi iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931. Tatizo lilikuwa moja, na nililiandika kwa mkono wangu kwenye fomu yenu ya mapokezi: sinia linalobeba santuri linayumba likizunguka. Springi ilikuwa nzima, mwendo mzuri, sauti haina kasoro. Nililipa shilingi 120,000 kabla kazi haijaanza. Risiti ya EFD ninayo, na maelezo yaliyochapwa juu yake ni "kunyoosha sinia na kusafisha mashine".

Nilipofika nayo nyumbani nikaijaza ufunguo, nikaweka santuri. Ikayumba kuliko mwanzo, na kila mzunguko ikatoa mlio wa kukwaruza, kwa sababu ukingo wa sinia sasa unagusa ubao wa mashine upande mmoja. Kitambaa cha juu ya sinia kilikuwa kimebanduka kidogo, nikakiinua kwa kucha. Chini yake nimekuta kipande cha boksi la kiberiti kimekunjwa mara mbili na kugandishwa kwa supa gluu. Ule upande wa kahawia wa kuwashia njiti bado unaonekana vizuri, pamoja na mikwaruzo yake. Fundi wenu aliona santuri imelala upande mmoja, akaunyanyua kwa kiberiti, akarudisha kitambaa juu yake. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na mimi nimelipia.

Hilo la kiberiti ningelisamehe, maana linabanduka. Kubwa ni shafti, ule mhimili wa chuma unaolizungusha sinia.

Sinia la mashine hizi halifungwi kwa nati. Linakaa juu ya shafti iliyochongwa ikipungua kuelekea juu, na linabanwa na uzito wake na mkao huo. Ukitaka kulitoa unalishika kwa mikono miwili pande zote, unalivuta juu sawasawa, huku mwenzako akigonga ncha ya shafti taratibu kwa nyundo ya mbao. Fundi wenu aliingiza bisibisi upande mmoja akapekecha. Ushahidi upo: alama mbili za bisibisi kwenye ubao, karibu na breki, na ukingo wa sinia umebonyea hapo hapo. Hazikuwepo, na picha zenu wenyewe za siku ya mapokezi zinaonyesha hivyo. Tafadhali zifungueni.

Kabla sijaileta nilikuwa nimeshaipima, kwa kipimo ambacho hakihitaji hata mashine. Unatia alama ya chaki kwenye shafti na kwenye sinia, unazungusha polepole, unaangalia ni wapi sinia linainuka. Halafu unalitoa sinia, unaligeuza nusu mzunguko juu ya shafti, unapima tena. Mwinuko ukihama pamoja na sinia, sinia ndilo limepinda. Ukibaki upande ule ule wa shafti, basi shafti ndiyo mbovu. Siku ile mwinuko ulihama na sinia, ndiyo maana nikaandika sinia. Sasa nimetoa kiberiti chenu, nimefuta grisi ngumu iliyokuwa bado imejaa kwenye tundu la sinia (kusafisha mlikolipwa kukafanywa wapi, sijui), nimepima upya. Mwinuko umegoma kuondoka upande wa shafti. Na shafti ikizunguka peke yake bila sinia, ncha yake inachora duara dogo hewani, wakati inatakiwa itulie uone kama imesimama. Nililetea kampuni yenu sinia lililopinda, mkanirudishia sinia lililopinda na shafti iliyopinda.

Msidhani ni jambo la kuudhi macho tu. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika ni ngumu lakini zinavunjika kama kigae, na kichwa cha sindano kina uzito wa zaidi ya gramu 100. Sinia likipanda na kushuka, sindano ya chuma inarushwa juu na kuangushwa kwenye mfereji ule ule kila mzunguko, mpaka kuta za mfereji zinamomonyoka. Miongoni mwa santuri alizoniachia marehemu baba zimo za Siti binti Saad, aliyevuka bahari kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Mniambie duka gani hapa Kariakoo linauza nyingine.

Nilirudi kwenu kwa heshima zote. Nikapigwa danadana: fundi katoka, meneja yuko kikaoni, piga simu Jumatatu. Kijana wa mapokezi, ambaye simlaumu maana anatumwa, akaniambia, "Mzee wangu, mashine za kale ndivyo zilivyo." Sivyo zilivyo. Hii ilizunguka sebuleni kwetu miaka mingi ukiweza kuweka kikombe cha kahawa pembeni yake kisitikisike. Ikiwa kazi hii hamuiwezi, mngesema mapema. Kukataa kazi si aibu, kulipua ndiyo aibu.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 120,000 zote, kwa kuwa hakuna sehemu yake iliyofanyiwa kazi. Pia mlipe gharama za kunyoosha shafti, au kukereza mpya ikishindikana, kwa fundi wa vyuma nitakayemchagua mimi. Wapo mafundi eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam, wenye mashine ya kukereza na saa ya kupimia mpindo wa chuma, na nitawaletea makadirio yake kwa maandishi. Sitaki fundi wenu aiguse tena, hata bure.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Zikipita kimya nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani (FCC), pamoja na risiti, picha na hicho kipande cha kiberiti nilichokihifadhi kwenye bahasha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda pia mteja anayelipia huduma, si anayenunua bidhaa peke yake.

Barua hii nimeileta nakala mbili. Moja ibaki kwenu, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, isainiwe na kutiwa tarehe, nirudi nayo.

Wenu,
Mteja, mwenye gramafoni